Gitaa moja, sauti mbili: alifanyaje pale mwisho wa Hotel California?

SanturiYaKaka

Wakuu, habari za humu. Nina ubishi nyumbani na nimeuleta kwenu, maana mimi na mtoto wa kaka yangu tumefika mahali pa kupishana sebuleni kimya kimya.

Kuna bwana mmoja, mzaliwa wa mji wetu, shuleni alikuwa mbele yangu. Jina simtaji, hajaniomba nimtangaze. Aliondoka bado kijana, akapiga gitaa kwenye bendi za watu huko na huko, sasa amerudi na mvi zake na kila mwezi anapiga roki ya zamani kwenye ukumbi mdogo. Jukwaani wako watatu tu: yeye gitaa na kuimba, mwingine bezi, mwingine drams. Kinanda hakuna. Gitaa la pili hakuna, na hilo mlishike, ndilo lililotugombanisha.

Nyimbo hizi nimekua nazo. Kaka alikuwa na santuri, kazi yangu ilikuwa kuzifuta vumbi na kugeuza upande, na asiyejua kufuta vumbi alikuwa hagusi. Kwa hiyo nilikwenda na masikio ya mkaguzi. Nilitegemea kumpigia mwenzetu makofi ya adabu, kisha nirudi nilale.

Akaanza na Smoke on the Water, ule mlio ambao kila anayejifunza gitaa huukwaruza mpaka majirani wamchukie. Kabla ya kuupiga akatusimulia ulikotoka: Desemba 1971, Deep Purple, bendi yenye wimbo huo, wamefika Montreux, Uswisi, kurekodi albamu kwenye jengo la kasino. Mwanamuziki Frank Zappa anapiga humo na bendi yake, mtu mmoja kwenye hadhira akafyatua bunduki ya fataki, paa likashika, kasino ikateketea, moshi ukatanda juu ya ziwa. Miaka yote hiyo naucheza wimbo, kumbe jamaa walikuwa wanaeleza walichokiona kwa macho yao, hatua kwa hatua. Halafu akachukua piki, kile kijiplastiki cha kukwanyulia nyuzi, akakibana kwa midomo, akaupiga mlio mzima kwa vidole vitupu. Mimi niko kiti cha mbele kabisa, naona mpaka kucha.

Hakusimama hapo. Drams zikapunguza mwendo, bezi ikashuka, na bila hata kugusa gitaa kulirekebisha akaingia Hotel California, ule wimbo wa bendi ya Eagles. Sauti yake iko chini kuliko ya kwenye santuri, nzito, ina mikwaruzo. Nikaanza kuhesabu makosa kama nilivyokusudia, na mahali fulani nikaacha kuhesabu, sijui ni wapi. Tulipofika mwisho, pale magitaa mawili yanapojibizana halafu yanapanda na kushuka pamoja, nikasikia magitaa mawili. Mawili kabisa, wakuu! Nikatazama nyuma ya spika kama kuna mtu kajificha. Ukumbi mzima ulisimama, na mimi nilisimama na goti langu hili.

Nje, kijana ananiambia: "Shangazi, ile ni pleibeki. Gitaa la pili linatoka kwenye mashine, anakanyaga kitu chini." Akaongeza kwamba wimbo umeharibiwa: umeshushwa, solo si ile ya kwenye rekodi, na mwisho umekatwa ghafla.

Kwa hiyo nauliza wenye kujua. Mtu mmoja anaweza kupiga sauti mbili za gitaa kwa wakati mmoja, au mtoto yuko sahihi? Kushusha wimbo ni kuuharibu? Na jambo dogo: mimi mbele maneno ya wimbo niliyasikia kwa mbali, yeye aliyekaa nyuma karibu na mlango anasema aliyasikia yote vizuri. Inakuwaje?

FundiMitambo_Mstaafu

Dada, karibu sana, na swali lako ni zuri kuliko mengi yanayoletwa humu. Nimekaa nyuma ya mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti za ukumbi, miaka mingi, nikujibu ninachokijua.

Nianze na hilo dogo. Spika kubwa zinazotoa sauti ya mwimbaji huwekwa pembeni na juu, na zinaelekezwa kwa watu wa katikati na wa nyuma. Wewe wa kiti cha mbele zinakupita kichwani. Unachokisikia ni amplifaya ya gitaa iliyo nyuma ya mpigaji inayokutazama usoni, pamoja na drams zenyewe. Mtoto wa kaka yako alipewa mchanganyiko uliopimwa, wewe ulipewa malighafi. Anayetaka kusikia kama fundi anavyosikia akae karibu na mikisa. Ila ungekaa kwangu usingeiona ile piki mdomoni, na naona hiyo ndiyo habari muhimu kuliko zote ulizoandika.

Sasa sauti mbili. Njia ninazozijua ni hizi.

Kuna pleibeki: gitaa la pili limerekodiwa, linachezwa pamoja na bendi. Kuna pedali ya kurudia: mpigaji anakanyaga, anapiga kipande, anakanyaga tena, kipande kinajirudia chenyewe na yeye anapiga kingine juu yake. Zote mbili zina tatizo moja, nalo ni mpiga drams. Mashine haimsubiri mtu. Ili asiachwe nyuma, mpiga drams lazima asikie mdundo wa kumwongoza, kwa kawaida kwenye hedifoni au kidude cha sikioni. Kwa hiyo usimtazame mpiga gitaa, tazama masikio ya mpiga drams. Kama ni matupu, na mwendo wa wimbo unapanda kidogo watu wanaposhangilia, hakuna mashine inayoongoza hapo.

Na pedali ya kurudia ina dalili nyingine: huwezi kurudia ambacho hujakipiga. Lazima sauti ya kwanza isikike peke yake mzunguko mmoja kwanza, ya pili ije baadaye. Kama zilianza pamoja tangu nota ya kwanza, siyo hiyo.

Njia ya tatu ni pedali inayozalisha nota ya pili kutokana na ile unayopiga. Hii haihitaji hedifoni, inafuata mkono wako. Utaijua kwa sababu haina akili: ukiiwasha, nota ya pili inakuwapo kwenye kila unachopiga mpaka uizime. Haivuti pumzi, haiachi nafasi.

Ya nne ni ya kale: nyuzi mbili kwa wakati mmoja, kwa vidole. Piki moja inapiga uzi mmoja, au inakwaruza kadhaa kwa mfululizo. Vidole viwili vinabana na kuachia nyuzi mbili kwa mpigo mmoja, kila moja na uzito wake. Ule mlio wa Smoke on the Water wenyewe ni sauti mbili mbili, na Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wa Deep Purple, huupiga kwa kukwanyua nyuzi mbili kwa vidole. Wanaojifunza wengi huukwaruza kwa piki na kushangaa kwa nini haufanani. Bwana wenu aliweka piki mdomoni mapema kabisa. Mimi ningekuwa mcheza kamari ningeweka dau hapo.

Ukienda tena, angalia mambo matatu: masikio ya mpiga drams, miguu ya mpiga gitaa, na mkono wake wa kulia kwenye vile vitufe vya gitaa. Hicho cha tatu sikuelezi sasa, nataka uniambie umeona nini.

KijanaWaHedifoni

Mkuu umeandika gazeti. Mimi niko upande wa kijana. Siku hizi hata bendi kubwa zinatumia pleibeki, itakuwa mzee wa mtaani? Na tuwe wakweli, shangazi, ulimfurahia kwa sababu unamjua. Angekuwa mgeni kutoka mbali ungesema "mbona sauti iko chini hivyo". Mimi nikitaka Hotel California navaa hedifoni nasikiliza ya 1976, imekamilika, haina mikwaruzo. Kwa nini nikasikilize nakala yenye makosa?

BeziNyuziNne

Nimecheka, kijana. Nimepiga bezi kwenye bendi za kukopi tangu kabla hujajua hedifoni ni nini, na mimi ni mwanamke, kwa hiyo hata kushusha na kupandisha nyimbo ndiyo maisha yangu. Niache nijibu la kushusha.

Hotel California kwenye santuri iko B maina, yaani ngazi ya nota ambayo nyumbani kwake ni B. Lakini haikuzaliwa hapo. Muziki wake alianza kuutunga Don Felder, mpiga gitaa wa Eagles, kwenye E maina, na yeye mwenyewe amesimulia kwamba walipofika kuimba, mwimbaji Don Henley akakuta ni juu mno kwa sauti yake, wakatafuta mahali panapomfaa mpaka wakatua B. Ndiyo maana lile gitaa la mwanzo linapigwa na kapo, kibanio cha nyuzi, kwenye freti (kijichuma cha shingo ya gitaa) ya saba: mkono unashika maumbo ya E maina, sauti inatoka B. Maana yake hata wenye wimbo waliuhamisha kwa ajili ya koo la mwimbaji. Bwana wenu kafanya kile kile walichofanya wao, ila kwa koo lake.

Sasa dada, umesema kitu ambacho FundiMitambo kakiruka. Alitoka Smoke on the Water akaingia Hotel California bila kugusa gitaa. Smoke on the Water iko G maina. Mimi nasema alikuwa na kapo freti ya tatu tangu mwanzo, na Hotel California aliipiga G maina pia, yaani chini kwa nusu sauti nne (nusu sauti moja ni freti moja). Nyimbo mbili, nyumba moja, ndiyo maana aliweza kupita bila kubisha hodi. Hiyo haitokei kwa bahati. Mtu alikaa akapanga.

Na mtazameni mwenzangu wa bezi, ambaye hakuna aliyemtaja (kawaida yetu). Hotel California ina mzunguko wa kodi nane (kodi ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja), na mzunguko hauanzi upya mpaka zote nane ziishe. Bendi ya watu watatu, gitaa likienda kwenye solo, anayezipiga kodi hayupo tena. Ukumbi unabaki na shimo katikati. Anayeziba shimo ni bezi: lazima kila kodi aiseme kwa nota zake chache bila kubabaika, na drams zijae kidogo kwenye matoazi. Kama ulisikia magitaa mawili na hukusikia shimo, basi yule mtu wa bezi alikuwa anafanya kazi ya watu wawili. Jimi Hendrix na gitaa lake alikuwa na Noel Redding wa bezi na Mitch Mitchell wa drams tu, bendi ya Cream walikuwa watatu tu, na hakuna aliyewahi kuwaambia muziki wao mwembamba.

Kuhusu mwisho kukatwa: kijana aisikilize tena hiyo rekodi yake ya hedifoni mpaka mwisho. Haina mwisho. Magitaa yanaendelea, sauti inafifizwa taratibu studioni mpaka inapotea. Jukwaani huwezi kufifia, watu wanakutazama. Lazima utunge mwisho wako mwenyewe. Kila bendi inayopiga wimbo ule laivu imekaa chini ikaamua: tunaishia wapi?

Na pleibeki, nisionekane naidharau. Bendi ya Queen wenyewe, wakifika ile sehemu ya katikati ya Bohemian Rhapsody yenye sauti za opera zilizorundikwa studioni, walikuwa wanatoka jukwaani, kanda inacheza na taa zinawaka, kisha wanarudi kupiga sehemu nzito. Hawakuficha. Sauti zile zilirekodiwa juu ya nyingine tena na tena na watu watatu, hazipigiki na bendi ya wanne. Mimi ninachokataa ni mtu kusogeza midomo.

Msikilizaji_wa_Pwani

Mmeitaja Queen bila kusema mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar, 1946?

BeziNyuziNne

Tulijua utakuja.

FundiMitambo_Mstaafu

Tukiwa bado kwa Queen: Brian May, mpiga gitaa wao, alikuwa na njia ya tano ambayo nilisahau kuitaja. Kwenye wimbo wa Brighton Rock alikuwa anapeleka gitaa lake kwenye mashine za mwangwi zenye kanda, alizozirekebisha ili mwangwi uchelewe zaidi. Anapiga kipande, kinamrudia baada ya muda, naye tayari anapiga kingine kinachopatana nacho, hapo hapo, mbele ya watu. Ukikosea, kosa linarudi nalo kwa sauti ile ile. Sidhani bwana wenu alifanya hivyo, kwa sababu mwangwi wa namna hiyo unasikika unavyofuata kwa nyuma. Nimeutaja kwa kijana tu: mashine haimaanishi uongo.

SanturiYaKaka

Nimerudi, wakuu. Nimekwenda tena na maagizo yenu, na kijana nikambeba. Nikamkalisha mbele, mimi pembeni yake, masikioni nimeweka vile vizibo vya sponji.

Masikio ya mpiga drams: matupu, yamechongoka, hayana kitu. Tena alikuwa anamtazama mpiga gitaa bega la kushoto muda wote. Baadaye nikagundua bega ndilo linalomwambia sasa tunaingia. Mwendo ulipanda kidogo watu walipoanza kupiga kelele, kama ulivyosema.

Miguu: chini kulikuwa na vidude viwili tu. Kimoja alikigusa mwanzoni kabisa alipokuwa anapima nyuzi, kikawa kinawaka taa. Kingine alikikanyaga mwanzo wa solo, gitaa likawa na ule mkwaruzo mtamu. Kabla ya ile sehemu ya mwisho alikikanyaga tena akakizima. Kijana alikuwa ameinama kabisa kutazama, nikaona aibu mimi.

Mkono wa kulia, ee, hapo ndipo nilipofurahi kuliko pote. Alipozima kile kidude, kidole chake kidogo kikashuka kwenye kitufe cha gitaa kikakizungusha kidogo, sauti ikasafika. Piki ikaenda mdomoni. Halafu kidole gumba na cha pili, wakati mwingine cha kati, vikaanza kubana nyuzi mbili mbili. Nikamfinya kijana. Sauti zote mbili zilianza pamoja, na kuna mahali ya chini ilinyamaza, ya juu ikaenda peke yake hatua tatu nne, kisha ya chini ikairudia. Ilikuwa inavuta pumzi!

BeziNyuziNne, kapo ilikuwa freti ya tatu. Nilihesabu kwa kidole hewani mpaka jirani akanitazama. Na mtu wa bezi safari hii nilimtazama yeye kwenye solo nzima. Hafanyi madoido. Nota mbili, tatu, anaingia kwenye kodi nyingine kabla hujajua imebadilika. Nimemwonea huruma kwamba mara ya kwanza sikumwona kabisa, na alikuwa hatua chache kutoka kwangu.

Mapumziko nikamfuata mwenyewe. Nikamuuliza ile sehemu ya mwisho aliitoa wapi. Akasema akiwa kijana hakuwa na mwalimu, alikuwa na gramafoni yenye kasi nne: 78, 45, 33 na 16. Santuri ya 33 akiiweka kwenye 16, muziki unakwenda nusu ya mwendo, na sauti yote inashuka oktavu moja kamili, kwa hiyo nota zinabaki zile zile na gitaa halihitaji kurekebishwa. Akawa anasikiliza magitaa mawili yanavyotambaa, anaandika la kwanza, anaandika la pili, halafu anatafuta zipi anaweza kuzishika kwa mkono mmoja. Anasema zote hazishikiki. Pale ambapo hazishikiki anachagua ile ambayo msikilizaji ataikosa zaidi, nyingine anaiacha sikio lako lijaze lenyewe, kwa sababu wimbo wote mnaujua. Nikamwambia, kwa hiyo magitaa mawili niliyoyasikia mengine nilikuwa nayapiga mimi. Akacheka, akasema ndiyo maana anapenda kupigia nyumbani, watu wamekuja na sehemu zao.

Gramafoni ya kaka ilikuwa na hiyo 16 pia. Tulikuwa tunaitumia kuchekea sauti za waimbaji.

Kijana anakubali si mashine. Ila amepata hoja nyingine: kwamba basi kama ameacha nota, si wimbo kamili. Nimeshindwa kumjibu vizuri, nisaidieni.

FundiMitambo_Mstaafu

Kidole kidogo kwenye kitufe! Hicho ndicho nilichokuwa nakungojea useme.

Nikueleze sasa. Ukipiga nyuzi mbili gitaa likiwa na mkwaruzo mwingi, amplifaya inazichanganya na kuzaa sauti za katikati ambazo hakuna aliyezipiga, linatoka tope. Ule mlio wa Smoke on the Water unavumilia mkwaruzo kwa sababu umbali kati ya nota zake mbili ni wa nne (ukihesabu nota kwenye ngazi), unaafikiana. Zile za mwisho wa Hotel California ziko karibu zaidi, nyingi ni za tatu, kama sauti ya kwanza na ya pili ya kwaya zinavyotembea bega kwa bega. Hizo ukizipiga na mkwaruzo mkali zinagombana. Kwa hiyo anazima pedali, na bado amplifaya, hasa ikiwa ya vali (zile taa za kioo za kukuza sauti), imeshawashwa mpaka inakwaruza yenyewe. Anapunguza kitufe cha gitaa kidogo, umeme unaoingia unapungua, vali zinatulia, nota zinatengana. Mtu asiyejua anadhani anapunguza sauti tu. Hili hufanywa katikati ya wimbo na mkono ule ule unaopiga, na hakuna rekodi itakayokuonyesha.

Kuhusu vizibo vya masikio umefanya vyema, na nimwambie kijana wako naye. Wataalamu wa usikivu kazini huhesabu desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo ukifika 100 zimebaki dakika 15. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka wastani wa 100 kuwa kikomo cha kumbi za burudani. Kiti cha mbele, na matoazi yako pale, hamko mbali na hapo. Mimi sikuvaa chochote ujanani, na sasa mke wangu anaongea na sikio la kulia tu.

BeziNyuziNne

Mwambie kijana hivi: Bob Dylan aliandika All Along the Watchtower, akairekodi 1967, gitaa la kawaida na harmonika, fupi, kavu. Mwaka uliofuata Hendrix akaitoa ya kwake, gitaa juu ya gitaa, na Dylan mwenyewe baadaye jukwaani akawa anaipiga kwa namna iliyo karibu na ya Hendrix kuliko ya kwake. Sasa wimbo kamili ni upi hapo?

Mimi ningeongeza kwamba kuacha nota ni ufundi mgumu kuliko kuzipiga. Nimepiga na vijana wenye vidole vya ajabu, kila nota ya rekodi wanayo, na baada ya nyimbo tatu watu wanatazama simu. Hawajui ipi ni ya lazima. Bwana wenu anajua, kwa sababu alizisikia moja moja kwa nusu mwendo.

KijanaWaHedifoni

Sawa, pleibeki siyo, nimesoma yote. Hilo la kasi 16 nimelijaribu kwenye kompyuta, nikapunguza mwendo nusu, na kweli kuna vitu kwenye lile gitaa la pili sijawahi kuvisikia. Kuna mahali linachelewa makusudi.

Lakini la kushusha bado. Nusu sauti nne ni nyingi. Angeshusha mbili.

BeziNyuziNne

Akishusha mbili kapo inakwenda freti ya tano, ile njia ya kutoka Smoke on the Water inakufa, na anatakiwa asimame kati ya nyimbo kurekebisha. Wewe ungekubali asimame?

KijanaWaHedifoni

Ningekubali. Ningekunywa maji.

SanturiYaKaka

Mwezi ujao anapiga tena. Kijana wangu keshaomba kiti cha mbele, na amesema atamwomba mwenyewe ashushe mbili badala ya nne. Nimemwambia aombe, ila ajiandae kuambiwa apande jukwaani aimbe yeye.